Msaada wakuu: pistoni ya Yamaha DT 125 ya zamani naipata wapi? Niko Kigoma

Mwana_Katubuka
Wakuu, habari za jioni. Nina DT 125, zile za zamani za kupozwa na upepo, tanki jeupe. Juzi napanda Kalinzi, injini ikakamata ghafla, tairi la nyuma likafunga, nusura niingie mtaroni. Kiki ikawa haishuki hata nikiisimamia kwa miguu miwili. Fundi kafungua: pistoni imechubuka, ringi moja imekatika, silinda ina michirizi. Nimezunguka Mwanga yote mpaka Ujiji, kila duka ni Boxer na za Kichina. Kijana mmoja wa dukani aliigeuzageuza ile pistoni akaniuliza kama ni ya jenereta. Niliyempigia Kariakoo kasema spea hiyo walishaacha kuitengeneza.

Nahitaji pistoni, ringi na gasketi kabla ya Jumamosi ijayo. Mambo ya oil msiniulize, nilibadilisha mwenyewe wiki mbili zilizopita. Natanguliza shukrani.

Chumvi_ya_Uvinza
Uza huo mkweche kwa kilo, ongeza hela, chukua Boxer. Shemeji yangu aling'ang'ania Suzuki ya mwaka themanini na kitu mpaka mke akamwambia achague.

Mla_Migebuka
Mkuu usikate tamaa. Meli ya Liemba Wajerumani waliiunda 1913, wakaizamisha wenyewe 1916, ikaopolewa 1924 ikafanya kazi tena. Wewe pistoni tu inakuliza?

Chumvi_ya_Uvinza
Liemba haipandi Kalinzi.

Fundi_Mstaafu
Kijana, kabla ya "wapi" anza na "ipi". DT 125 zipo za aina nyingi na pistoni haziingiliani zote. Namba ya spea ya Yamaha ina mafungu matatu. Fungu la kwanza, herufi na tarakimu jumla yake tatu, ni modeli. La katikati, tarakimu tano, ni kifaa chenyewe: 11631 ni pistoni stendadi, 11635 ni oversaizi ya kwanza, iliyonenepa kwa milimita 0.25, 11636 ni ya pili ya 0.50. La mwisho ni toleo. Tafuta alama ya modeli iliyochongwa kwenye injini, halafu uulize kwa namba. Ukimuuliza muuzaji "una pistoni ya DT?" atakujibu haipo hata kama ameikalia. Na usiulizie stendadi peke yake. Zile ndizo huisha mwanzo, oversaizi hubaki maghalani miaka.

Maswali mawili. Jumamosi kuna nini? Na ulibadilisha oil ipi? DT ina oil mbili.

Mwana_Katubuka
Shikamoo mzee. Ahsante kwa darasa. Jumamosi nina safari. Oil nilibadilisha ya injini, ile ya kumwaga kwa chini, nikaweka mpya lita moja hivi. Ila fundi wangu ameshapata njia. Anasema pistoni ya DT ni 56, ile ya Kichina ya CG 125 ni 56.5. Tunachonga silinda nusu milimita, inaingia. Nimeshampa elfu arobaini ya kutangulizia. Ninachotaka kwenu ni gasketi tu.

Bwana_Tumbaku
Mimi niko Urambo. Enzi hizo baba alikuwa na DT ya aina hiyo, anabeba mizinga miwili ya nyuki na mama juu yake. Siku moja asali ikamwagikia kabureta, siafu wakaingia mpaka kwenye chujio la hewa. Tulikaa porini tunaisafisha kwa mate. Pikipiki za siku hizi hamna kitu kabisa.

Fundi_Mstaafu
Marahaba. Mwambie huyo fundi asiguse silinda. Hesabu yake ya 56.5 ni sahihi, na ndiyo itakayowaponza. CG ni fostroki, injini ya mipigo minne, ringi zake zinazunguka zitakavyo. DT ni tustroki, ya mipigo miwili, silinda yake ina madirisha ubavuni. Shika pistoni yako ya zamani, tazama ndani ya mifereji ya ringi: utaona kapini kadogo kama punje ya ulezi. Kazi yake ni kuzuia ringi isizunguke, maana ncha ya ringi ikifika dirishani inachomoza, inanasa, inakatika, na vipande vinatembea na silinda nzima. Ya CG haina kapini hako. Urefu kutoka kwenye pini kubwa inayoshika pistoni hadi kichwani nao ni mwingine.

Sasa jibu swali langu. Oil ya tustroki, ile ya kwenye kitanki chake inayolainisha pistoni na kuungua pamoja na petroli, uliweka lini?

Mwana_Katubuka
Mzee, fundi ana miaka kumi na mbili kazini, na pikipiki nyingi za Mwanga zimepita mikononi mwake. Halafu hela nimeshatoa.

Mama_Sabuni
Mwanangu, umeulizwa oil unajibu miaka ya fundi.

Mwana_Katubuka
Haya. Mimi nimezoea bodaboda za Kichina, oil ni moja, unamwaga unaweka. Hicho kitanki kingine nilikiona, nikajua ni cha maji ya betri. Hakuna aliyeniambia.

Mla_Migebuka
Maji ya betri 😂😂😂 nimemwaga chai yangu.

Chumvi_ya_Uvinza
Pikipiki ni yako halafu hujui oil inawekwa wapi? Umeinunua lini?

Mwana_Katubuka
Sikusema nimenunua, nimesema ninayo. Ni ya baba mkwe. Alikuwa bwana shamba, aliipata kwenye mnada alipostaafu, huiosha kila Ijumaa kwa mswaki. Yuko Dodoma kwa matibabu ya macho, anarudi Jumamosi. Funguo zilikuwa sebuleni. Ruhusa sikuomba kwa sababu nilikuwa naenda Kalinzi kumchukulia yeye mwenyewe kahawa na ndizi. Kwa hiyo nilivyofikiria, tukifunga hiyo ya CG ikawaka, anakuta inanguruma, mengine baadaye. Macho yenyewe ndiyo hivyo.

Bwana_Tumbaku
Kijana, anaumwa macho, masikio mazima! Mwenye tustroki anaijua kwa mlio akiwa usingizini. Mwambie mkeo aongee na mama yake, mama mkwe aongee na mzee. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda.

Shahidi_Namba_Moja
Wakuu mnakunywa chai yenye sukari nyingi. Hebu panga: mkwe mgonjwa wa macho, yuko safarini, pikipiki inaoshwa kwa mswaki, injini inakamata mlimani, mwisho kitanki cha maji ya betri. Mwezi uliopita kulikuwa na uzi humu wa mkwe na trekta, uandishi huuhuu. Hakuna mtu mzima Kigoma asiyejua tustroki. Weka picha ya pistoni na karatasi yenye tarehe ya leo, la sivyo moderata afunge.

Mla_Migebuka
Nami nilihisi. Leteni vitafunwa.

Fundi_Mstaafu
Iwe chai au uji, maelezo yangu ni yaleyale na yatamfaa mwingine. Watoto waliokulia kwenye fostroki wameniletea injini za namna hii zaidi ya mara moja. Wanakuja wote na uso mmoja.

Mwana_Katubuka
[picha] Hiyo hapo, na tarehe. Mshale wa kichwani bado unasomeka, ule wa kuelekea ekzosi. Hapo pembeni ni tanki lenyewe. Sina sababu ya kutunga aibu yangu.

Shahidi_Namba_Moja
Picha za mtandaoni tunazijua.

Mama_Sabuni
Hiyo si ya mtandaoni. Hilo tanki lina kibandiko cha hindi la njano, nusu kimebanduka. Hiyo pikipiki inapita mbele ya duka langu miaka yote. Wewe ni mume wa yule binti wa pili.

Mwana_Katubuka
Mama shikamoo. Naomba uje inboksi tafadhali.

Mama_Sabuni
Marahaba. Sina haja ya inboksi. Njoo dukani uchukue kostiki, ile tunayopikia sabuni ya mise. Marehemu mume wangu alikuwa akisafishia silinda. Ile rangi ya fedha iliyoganda ndani ni alumini ya pistoni. Kostiki inaila, chuma cha silinda haikigusi. Pakaa kidogo kwa kijiti, vaa glavu, isifike nje maana mapezi ya silinda nayo ni alumini. Inachemka mapovu, ikinyamaza, osha na maji mengi.

Fundi_Mstaafu
Mama kasema kweli. Baada ya hapo pitisha ukucha. Usiponasa kwenye mchirizi, huenda oversaizi ya kwanza ikatosha. Sili za krenki nazo ziangaliwe.

Mama_Sabuni
Na ukija, chupa ya oil ya tustroki ya mzee iko hapa kwangu tangu aondoke. Aliniachia akasema, yule kijana akiichukua pikipiki atapita hapa, mpe. Nikakusubiri. Siku ile ulipita mbio, nikapunga mkono, ukanipigia honi.

Mwana_Katubuka
…

Mwana_Katubuka
Nimempigia fundi asimamishe. Anasema hela ya kutangulizia hairudi ila pistoni ya CG nikaichukue.

Chumvi_ya_Uvinza
Hiyo ya CG imekuja na ringi zake? Nakupa elfu kumi na tano.