The Sandlot: utoto usio na ubaguzi, au ubaguzi uliofichwa?

Mpenzi wa Sinema: Ndugu wanajukwaa, juzi niliitazama tena The Sandlot, filamu ya Marekani ya mwaka 1993 inayowarudisha watazamaji katika kiangazi cha 1962, pale watoto wa kitongoji kimoja cha Los Angeles wanaposhinda mchangani wakicheza besiboli. Nyota wao ni Benny Rodriguez, mrushaji wao ni mtoto mweusi, Kenny DeNunez, na rangi zao si hoja kwa yeyote. Je, hiyo ni heshima, au ni kuisafisha historia?

Mkongwe: Mtazame mzee Mertle, jirani mweusi wa watoto hao, aliyeigizwa na James Earl Jones. Ana picha akiwa na Babe Ruth, nyota wa kizungu wa besiboli, na anajigamba kwamba walicheza pamoja. Ruth alistaafu mwaka 1935, ilhali Jackie Robinson alivunja mwiko wa rangi uliowazuia weusi katika ligi kuu mwaka 1947, kwa hiyo Mertle angeweza kukutana na Ruth katika mechi za kirafiki tu. Watoto wanastaajabia picha, lakini hakuna anayeuliza kwa nini gwiji kama huyo hajulikani hata mtaani kwake.

Binti Pwani: Kwangu mimi Benny ndiye mwenye uzito zaidi, kwa sababu anaishia kuichezea Dodgers, timu ya ligi kuu ya Los Angeles. Uwanja wa timu hiyo ulifunguliwa Aprili 1962, mwaka uleule wa hadithi, juu ya vilima vya Chavez Ravine, ambako familia za Wamarekani wenye asili ya Meksiko zilihamishwa, za mwisho zikitolewa kwa nguvu mwaka 1959. Mtoto mwenye jina la Kihispania kama Rodriguez asingekosa kuyasikia hayo nyumbani. Halafu wasichana je? Katika filamu hii, tusi linalofunga mabishano yote ni kuambiwa kwamba unacheza kama msichana, na Little League yenyewe, ligi ya besiboli ya watoto, haikuwafungulia wasichana mlango hadi mwaka 1974.

Mkongwe: Dada, hapo nakubali, ingawa kumbukumbu za mtoto wa kiume wa wakati ule zingekuwa na tusi hilohilo.

Mpenzi wa Sinema: Basi jibu limo kwa msimulizi. Ni Smalls, mtoto wa kizungu, ambaye ukubwani anatangaza mechi ya Benny redioni. Benny anakimbia uwanjani, na kipaza sauti kiko mikononi mwa Smalls.