Wanalipua mwamba bila king'ora, leo jiwe limetoboa bati langu

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Naishi nje kidogo ya Mbalizi, jirani na machimbo ya kokoto. Jina la kampuni silitaji. Leo saa saba mchana sufuria ya maharage imeanza kucheza jikoni, vikombe vikagongana kabatini, ndipo mlio wenyewe ukafika. Mtetemo wa ardhini hutangulia, sauti inafuata nyuma. Binti yangu wa darasa la kwanza akakimbilia dirishani kuchungulia. Dirishani! Ule mlipuko wa bandari ya Beirut mwaka 2020, wako waliochanwa na vioo kwa sababu hiyo hiyo, walisimama dirishani kutazama moshi. Nimemvuta mkono, mara pwaa! Jiwe saizi ya parachichi limetoboa bati, likapasua dari, likatua kwenye kochi ambalo huwa analala mchana.

King'ora? Hakuna. Mtu wa bendera nyekundu barabarani? Hakuna. Zamani kijana alikuwa anapita na bodaboda na kipaza sauti siku moja kabla. Tulikuwa tunafungua madirisha, tunatoa watoto na mbuzi. Sijui naye wamemwona gharama.

Nimewafuata ofisini, nyufa za ukutani nazo nikazitaja. Eti, "Mzee, Mbeya ni bonde la ufa, hayo ni matetemeko." Matetemeko nayajua tangu utotoni. Ni lipi limewahi kurusha jiwe?

Tena wasinidanganye, nimekuwa mchorongaji, mtoboa mashimo ya baruti, Chunya miaka minne. Jiwe likiruka umbali ule, mara nyingi shimo halikushindiliwa vizuri. Juu ya baruti unajaza kokoto kavu, zinabanana, nguvu inabaki chini inapasua mwamba. Kijana anayefanya kazi mle ndani kaniambia wanarudishia vumbi lile lile la kuchoronga. Kampuni ya kokoto inabania kokoto! Mashimo nayo hayapishanishwi hata kwa milisekunde, yanaondoka yote kwa mpigo, na nyumba zetu za tofali za kuchoma ndizo zinazopokea.

Mwenyekiti wa kijiji kaniambia nisubiri kikao. Kikao kipi, wakati Ijumaa wanalipua tena?

Mliowahi kulipwa fidia huku Nyanda za Juu Kusini, mlianzia kwa afisa madini au mazingira? Jiwe ninalo, nimelificha uvunguni. Mama watoto kashaanza kulitolea macho, anataka la kuzuia mlango.