Milioni moja na laki sita, nipo Kigoma: orodha yangu ya kompyuta ya kwanza ya gemu ipo sawa?

mgebuka_27

Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma mjini, Gungu. Kazi yangu ipo mwaloni Kibirizi, napima na kuandika dagaa wanaposhuka kwenye mitumbwi. Anayelijua ziwa anaijua na ratiba yangu: giza likiwepo watu wanavua kwa taa na mimi nalala mchana kama popo. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika, na mimi nabaki na usiku kadhaa sina la kufanya.

Ziwa lilipofungwa 2024, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nilikaa nyumbani miezi mitatu nikiangalia video za watu wakiunga kompyuta zao wenyewe. Ugonjwa haujanitoka tangu hapo. Sasa nimefikisha 1,600,000 na binamu yangu yupo Dar, anaweza kunizungukia Kariakoo na kutuma mzigo kwa basi.

Nimeandika hivi nyuma ya daftari la dagaa. Prosesa Ryzen 5 5600, 340,000. Mazabodi (bodi kuu ya kuunganishia kila kitu) ya B450 iliyotumika, 180,000. RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR4 kijiti kimoja cha 16GB, 120,000. Kadi ya grafiksi RX 580 ya 8GB, mtumba, 280,000. SSD (diski ya kuhifadhia) ya NVMe 500GB, 130,000. Pawa saplai ya 600W, 45,000. Kesi ya kioo ina feni nne za taa, 230,000. Jumla 1,325,000. Inayobaki nilitaka kibodi na mausi vya taa. Monita sina, nitatumia TV ya sebuleni ya inchi 32.

Nacheza mpira zaidi, na GTA V. Naomba mnikosoe kabla sijatuma hela, maana ikishavuka Malagarasi hairudi.

tajiri_asiyelala

Nunua PS4 mtumba, chenji fuga kuku.

mgebuka_27

Kuku ninao mkuu. Wanalala kwenye boksi la TV hiyo hiyo.

mama_nyuki

Mdogo wangu, nakuandikia kutoka Isevya, Tabora. Nina steshenari, natoa kopi na kuchapa barua za watu, na usiku naunga mashine. Orodha yako nimeisoma mara mbili, macho yangu yakawa yanarudi kwenye hiyo 45,000.

Mashine yangu ya kwanza niliiunga 2019 na pawa saplai ya bei kama hiyo hiyo. Iliandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Ilidumu wiki saba. Jioni moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi, wa mara ya tatu nikasikia "pa!" na harufu ya samaki aliyeungua. Ingekufa peke yake nisingelia. Iliondoka na mazabodi na diski yenye kazi za wateja, zikiwemo kadi za harusi ambayo ilikuwa Jumamosi.

Baadaye ndipo nikageuza kibandiko nikakisoma vizuri. Kompyuta ya leo inakula karibu umeme wake wote kwenye njia ya volti 12. Kwa hiyo achana na ile namba kubwa, tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zake zidisha kwa 12. Yangu ilikuwa na ampea 18. 18 mara 12 ni 216. Nilinunua wati 216 nikaambiwa 500! Mwambie binamu yako akupigie picha ya kibandiko kabla hajalipa, piga hesabu mwenyewe. Pawa saplai ya 550W ya kweli itakuwa na ampea 40 na ushee kwenye 12V. Halafu aishike mkononi. Nzima ina uzito, hizi nyingine ni nyepesi kama mkate wa boflo.

Na kwa nini kesi iwe 230,000? Taa hazichezi mpira. Kigoma mna vumbi jekundu kiangazi na kumbikumbi mvua zikianza, na wewe unataka kuwawashia taa za rangi saba uwakaribishe. Chukua kesi ya wavu mbele, ya laki moja na kidogo. Kwenye feni zinazovuta hewa mimi huweka kipande cha chandarua kilichochakaa, nakifua kila mwezi. Isitoshe kioo hicho kikifika salama kwa basi kutoka Dar, ukikiegemeza tu kwenye vigae vya sebuleni kinapasuka vipande elfu. Ni kioo kigumu kwa uso, lakini pembe zake ni dhaifu mno.

RAM usichukue kijiti kimoja. Chukua viwili vya 8GB, prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja na kwenye gemu utaiona tofauti. Tundu la pili na la nne, ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

kijana_wa_aggrey

Dada hapo juu kamaliza kwenye umeme. Mimi niguse hiyo RX 580.

Mkuu, kadi nyingi za aina hiyo zilizopo sokoni zimechimba sarafu za mtandaoni. Sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, makontena yakafunguka. Kuchimba peke yake hakuui kadi, nimeuza nyingi ambazo bado zinadunda. Tatizo jingine ni hili: kuna RX 580 na kuna RX 580 2048SP. Boksi lilelile, feni zilezile. Ya kwanza ina vitengo 2304 vya kuchakata, ya pili ina 2048, idadi ileile ya RX 570. Yaani unauziwa mdogo mtu kwa jina la kaka yake. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, ukiifungua inakuonyesha idadi hiyo, na kadi nyingine za kughushi inaziandika feki waziwazi. Binamu asilipe mpaka umeiona hiyo skrini kwa video, na gemu likiwa limekimbia angalau dakika 20.

Ila kama upo tayari kutoa taa zote za orodha yako, kuna kitu bora. RX 6600, 8GB, ilitoka Oktoba 2021. Inakula wati 132 wakati RX 580 inakula 185, na inaiacha mbali sana. Mtumba utaipata kwa 480,000 ukibembeleza. GPU-Z ikikuonyesha 1792 usishtuke, ni kizazi kingine, vitengo vyake havilingani na vile vya zamani.

kasulu_mjini

Kwa nini asichukue Dell OptiPlex ya ofisini zile za laki tatu, achomeke kadi humo? Mimi nimefanya.

kijana_wa_aggrey

Ukipata ile ndefu sawa. Nyingi zinazokuja ni zile nyembamba, zinapokea kadi fupi tu isiyo na waya wa umeme, na pawa saplai yake ina umbo lake peke yake, ikifa unazunguka mji. Tena i5 za kizazi cha sita hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 imeshafungiwa msaada tangu 14 Oktoba 2025. Kwa kuanzia si mbaya. Kwa mwenye milioni na laki sita, hapana.

mgebuka_27

Nashukuru sana. Shikamoo mama_nyuki. Nimefuta taa zote, roho imeuma kidogo.

Orodha mpya: 5600 ileile 340,000, B450 180,000, RAM mbili za 8GB 130,000, RX 6600 480,000, SSD 130,000, pawa saplai ya 550W yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze 190,000 (picha ya kibandiko nimetumiwa, +12V ina ampea 43, nimezidisha nikapata 516), kesi ya wavu 110,000. Inakuja 1,560,000. Nabaki na 40,000 na sina UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Zamani tulikuwa na majenereta ya dizeli, sasa tupo gridi ya taifa, lakini mvua za radi za huku mnazisikia tu, hamjaziona.

mama_nyuki

Marahaba, ila niite dada, nyuki wangu ndio wazee.

UPS usiiache. Punguza prosesa: chukua Ryzen 5 5500, utaipata kwa 240,000. Ina viini sita vilevile. Ilichopungukiwa ni akiba ya ndani (cache), 16MB badala ya 32MB, na njia yake ya kuongea na kadi, PCIe, inaishia toleo la 3.0. Lakini tazama mazabodi yako: B450 nayo inaishia hapo hapo 3.0, kwa hiyo upande huo hupotezi kitu. Fremu chache zitapungua. Kwenye TV ya sebuleni inayoonyesha 60 kwa sekunde hutaziona.

Laki iliyotoka hapo jumlisha na 40,000 yako, nunua UPS ya 650VA yenye AVR (kisawazisha volti) ndani. Wasikudanganye kwamba 650 ni wati, nyingi za namna hiyo zinabeba kama 360. Mashine yako na TV pamoja ukikadiria kwa juu ni 300 na ushee kutoka ukutani. Inabana, inatosha. TV nayo ichomeke humo humo, la sivyo umeme ukikatika utasevu gemu kwa kupapasa. Una dakika chache za kuzima kistaarabu, usianze kipindi cha pili.

Jambo moja la kumwambia muuzaji wa mazabodi: B450 ni ya 2018, prosesa yako ni ya 2022. Kama BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) ni ya zamani haitaitambua, utakaa unatazama feni zikizunguka. Aisasishe kabla ya kutuma, na akutumie picha ikiwaka na prosesa ya familia ya 5000.

mgebuka_27

Wakuu, nimerudi. Mzigo ulifika Jumatano, nikangoja mbalamwezi.

Nimeunga juzi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba, kwenye meza ya chakula, bisibisi moja ya nyota na tochi ya simu. Prosesa ilikaa bila kusukumwa. Feni yake ndiyo iliyonitoa jasho, skrubu ya mwisho ilikataa mpaka nikazilegeza zote nikaanza kwa kukaza kona kwa kona. Pale kwenye waya vidogo vya swichi ya kuwashia nilisoma kitabu cha mazabodi mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote kidato cha nne.

Nikawasha. Feni zote zikazunguka. TV: hakuna mawimbi. Nikatoa RAM nikarudisha. Hakuna. Nikatoa kadi nikarudisha. Hakuna. Mama watoto akaamka kunywa maji, akasimama nyuma yangu, akauliza, "Huo waya wa TV mbona umechomeka juu, na huku chini kuna tundu jingine kama hilo?"

Nilikuwa nimechomeka HDMI kwenye mazabodi.

kijana_wa_aggrey

😂😂 Karibu chamani. 5500 haina sehemu ya kutoa picha ndani yake, hata ungengoja mpaka mbalamwezi ijayo. Ungenunua 5600G ndiyo lile tundu la juu lingefanya kazi. Shemeji apewe kamisheni.

mgebuka_27

Ameshaidai.

Mawili yamebaki. RAM imeandikwa 3200 kwenye boksi lakini Windows inasema 2400. Na la pili linanitia hofu: nikigusa chuma cha kesi nikiwa pekupeku nahisi kama sisimizi wanatembea mkononi. Nikivaa ndala hakuna kitu.

mama_nyuki

RAM ni kazi ya dakika moja, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM), itapanda yenyewe mpaka 3200.

La pili usilipuuze. Nyumba yako haina ethi, au ipo ukutani kwa sura tu. Pawa saplai nzuri ina vichujio ndani vinavyomwaga umeme kidogo kwenye chuma cha kesi, na huo unatakiwa ushuke ardhini kwa waya wa tatu. Ukikosa njia, kesi inakaa na kama nusu ya volti za ukutani, mia na kitu, kwa mkondo mdogo sana. Huo ndio sisimizi wako. Lakini siku kitu ndani kikiharibika kweli, ethi ndiyo itakayokuokoa, na una watoto humo ndani. Ita fundi umeme apime, na kama hakuna, achimbie fimbo ya shaba nje, sehemu inayokaa na unyevu, aunganishe mpaka kwenye soketi. Mpaka siku hiyo usichomeke wala kuchomoa waya wowote wa HDMI mashine ikiwa imechomekwa ukutani, unaweza kuua kadi au TV.

mgebuka_27

Sawa dada. Fundi anakuja Jumamosi, amesema fimbo ataipigilia karibu na bomba la kuoshea vyombo, pale hapakauki. XMP tayari, 3200 imetokea. GTA V nimeikopi kwa rafiki yangu wa Mwanga kwa diski ya nje, Steam (duka la gemu la mtandaoni) ikahakiki mafaili na kumalizia kidogo tu, maana kwa bando ile zaidi ya 100GB ningeuza mtumbwi.

Swali la mwisho, na hili si langu. Mama watoto anauliza TV yake inarudi lini. Monita mtumba ya inchi 22, yenye HDMI, huko Tabora zinakwendaje?