Ushauri: gita la semi-hollow kwa jazz, nipo Kigoma

MwangaSolo
Wakuu, salaam. Natafuta gita la umeme la semi-hollow (mwili una nafasi tupu, ila katikati kuna gogo la mbao) kwa ajili ya jazz: kodi nene, solo safi, bila distoshen. Nitapigia hotelini na kanisani, monita (spika za wapigaji kujisikia) zikiwa miguuni. Nimetajiwa Epiphone Dot, Epiphone Casino na Ibanez AS73, zote zimetumika, zipo Dar. Kwa picha naona zinafanana. Tofauti ni ipi, na nikague nini kabla ya kulipa? Nawasilisha.

FundiNyuzi_TBR
Mkuu, Casino itoe kwanza. Lile ni tupu ndani, na pikapu zake (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) ni P-90, za koili moja, zinashika mvumo wa umeme. Dot na AS73 zina gogo la mbao katikati ya mwili, mtindo wa Gibson ES-335 ya mwaka 1958. Gogo hilo linazuia ubao wa juu usitetemeke ovyo, ndiyo maana mbele ya monita gita halipigi mluzi kirahisi (sauti ya spika kurudi kwenye gita na kuzunguka).

Usitegemee maneno ya muuzaji. Mulika tochi ya simu kwenye tundu la f (lile lenye umbo la herufi f kwenye ubao wa juu), uelekeze upande wa katikati. Ukikuta ukuta wa mbao, ni semi-hollow. Mwanga ukipenya mpaka tundu la pili, ni tupu.

BesiLaZiwa
Casino mnaionea kidogo. Mpiga gita wa jazz Grant Green alipiga Gibson ES-330, nalo ni tupu, na hakuna anayebisha kuhusu sauti yake. Ukipiga taratibu ukumbi mdogo, ni tamu mno. Ila kwa monita za kanisani nakubaliana na fundi. Mwenzake wa jazz John Scofield ametumia Ibanez AS200 miaka mingi, semi-hollow, na jazz inatoka vizuri kabisa.

MwangaSolo
Asanteni. Basi nabaki na Dot au AS73. Ukaguzi je?

FundiNyuzi_TBR
Chagua lenye shingo nzima, jina liwe la pili. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili. Nafasi kati ya uzi na freti ya saba iwe kama 0.25 mm, unene wa karatasi tatu za daftari. Ikizidi hapo, kifimbo cha chuma kilicho ndani ya shingo kinakazwa robo mzunguko, unaacha mpaka kesho, unapima tena. Kama nati yake imeshakaza mpaka mwisho na shingo bado imepinda, liache.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Freti zikikuchoma, mbao imekauka na kusinyaa; huku Tabora kiangazi utaliona sana hilo. Zinapigwa tupa, si ugonjwa mkubwa, lakini punguza bei.

Halafu zungusha volyumu na toni zote nne gita likiwa kwenye ampu. Hapa msifanye haraka. Magita haya hayana mfuniko nyuma, kila kitu kinatolewa na kurudishwa kupitia tundu la f. Fundi asipofunga uzi wa kushonea kwenye shina la kila poti (kifaa cha volyumu au toni) kabla ya kuisukuma ndani, ataivua kama samaki siku nzima. Mkwaruzo mdogo huisha kwa spree ya kontakti. Sauti ikikatika kabisa, hesabu gharama ya fundi.

KodiSaba
Nyuzi: weka flatiwaundi (zilizozungushiwa waya bapa, uso laini) namba 11 au 12, uzi wa tatu nao uwe uliozungushiwa waya. Huo ni mnene kuliko wa kawaida, utabana kwenye mfereji wa nati ya juu (kipande kinachoshika nyuzi kwenye kichwa cha shingo), na ukitune utasikia "ting" kisha unaruka. Mfereji upanuliwe kidogo kwa faili, usichimbwe chini. Ukimaliza, linganisha hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi bila kuubonyeza) na noti yenyewe ukiubonyeza hapo. Noti ikiwa juu, rudisha kisaga cha daraja (kipande kinachobeba uzi mwilini) nyuma.

Toni: pikapu ya shingoni, volyumu 8, toni 4 hadi 6, besi ya ampu ipunguze.

BesiLaZiwa
Na kabla ya kulaumu gita kwa mvumo, pima soketi ya ukumbi kama ina ethi (waya wa ardhini). Mdomo ukipigwa shoti ukigusa maiki huku umeshika nyuzi, zima ampu hapo hapo, aitwe fundi umeme.