Chupa ya kichwa ya Wamoche: mshikio unapasuka, na mnyama gani akae kilembani?

mfinyanzi_mgeni: Wakuu, nafinyanga nakala ya chupa ya kichwa cha mtu ya Wamoche, wale watu wa kale wa pwani ya kaskazini ya Peru, kimo sentimita 25. Kichwa kinatoka vizuri kwenye kalibu ya vipande viwili, ila mshikio wa mirija miwili kama kikuku cha farasi unapasuka pale unapoungana na utosi. Pili, kilembani nimeweka bundi. Ni sahihi?

udongo_mwekundu: Ukipasuka hapo, mara nyingi mshikio ni mbichi kuliko kichwa. Unasinyaa zaidi, na panapoachia ni kwenye kiungo. Subiri vyote vikauke nusu: ukibonyeza kwa kidole hapabonyei, ila ukucha unaacha alama. Kwaruza pande zote mbili, paka uji mzito wa udongo uleule, kandamiza, kisha zungushia kiungo kitambaa chenye unyevu na ufunike chote kwa nailoni siku mbili.

Mrija uviringishe kwenye kijiti kilichopakwa majivu, unene wa ukuta milimita 4. Chomoa kijiti, jaza mchanga mkavu, ndipo ukunje; bila mchanga unabonyea kwenye kona. Na toboa utosi mahali pawili kabla ya kuunga! Maji yakipita mrija mmoja, hewa inaingia kwa mwingine.

Angalia na pua. Wengi huijaza udongo ikawa bonge, halafu inalipuka kwenye moto. Ikombe kwa ndani ibaki milimita 6, na usivuke nyuzi 100 mpaka unyevu wote utoke.

kokoto: Mdomo wa chupa nao una zama zake. Rafael Larco Hoyle, mwanaakiolojia wa Peru, aligawa vyombo hivi katika awamu 5 kwa kutazama mdomo: awamu ya I ni mfupi wenye ukingo mnene, ya IV ni mrefu, umenyooka, hauna ukingo. Vichwa vya sura halisi ni vya awamu ya III na IV hasa. Ukiweka ukingo mnene juu ya kichwa cha awamu ya IV, mjuzi ataona kasoro kabla hajatazama uso.

bundi_wa_Sipán: Kuhusu bundi: yupo kweli, ila ana kazi yake. Kwenye michoro ya sherehe ya kafara, kiumbe mwenye umbo la bundi anahudumu mbele ya anayepokea kikombe cha damu. Kule Sipán, penye makaburi ya wakubwa wa Wamoche ambako mwanaakiolojia Walter Alva alianza kuchimba 1987, kaburi la pili lilikuwa na kilemba chenye bundi. Kwa hiyo bundi ni wa cheo cha kikuhani, si pambo la yeyote.

Kwa kichwa cha kawaida ningeweka mbweha au paka-mwitu: kichwa cha mnyama katikati ya paji, makucha mawili pembeni. Kulungu ni jambo jingine. Anachorwa akiwindwa na watu waliovaa kifahari, na pengine kama mateka aliyekaa uchi, kamba shingoni. Kumweka kwenye kilemba cha mkubwa kunageuza maana, kwa maoni yangu.

Na tafadhali usikitie kichwa chako meno ya chui! Meno yanayochomoza ni ya miungu. Vichwa hivi ni vya watu halisi. Mwanaakiolojia Christopher Donnan alimtambua mmoja mwenye kovu kwenye mdomo wa juu katika vyombo zaidi ya 40, tangu utotoni hadi utu uzima.

mfinyanzi_mgeni: Bundi anang'oka leo. Masharubu meusi niyapake kabla ya kuchoma?

udongo_mwekundu: Hapana. Uji wa udongo mweupe na mwekundu ndio unaotangulia, unasuguliwa kwa kokoto laini, kisha moto. Rangi nyeusi ya mimea ilipakwa chombo kikishachomwa, ikaunguzwa kwa moto mdogo. Ukiitanguliza itaungua yote na hutaona hata kivuli chake.