Mchoro wa vita ulioandikwa "Parrocel": niuze au nisubiri?

Mkazi_wa_Lyon: Habari wakuu. Hapa Ufaransa nimenunua mitumbani mchoro wa chaki nyekundu: wapanda farasi wanakatana mapanga, mmoja kaanguka chini ya kwato. Chini pana wino, "Parrocel". Nimeupenda sana, lakini kuna dalali kanitajia bei na anataka jibu kesho. Kinachonitatiza, wapiganaji wote wameshika panga mkono wa kushoto. Naombeni ushauri.

Tandiko: Mkuu, usiuze kesho. Parrocel ni ukoo mzima wa wachoraji. Waliosifika kwa vita ni Joseph, aliyefariki 1704, na mwanawe Charles (1688–1752). Charles alipata kuwa askari wa farasi, na inaonekana: farasi wake wana uzito, misuli inavuta kweli. Ndiye aliyechora picha za kitabu cha upanda farasi cha La Guérinière, mwalimu Mfaransa wa upanda farasi, 1733. Mimi nampenda kuliko baba yake. Ila jina la wino lisikupe uhakika, wakusanyaji wa zamani waliandika jina la yeyote waliyemdhania.

Bi_Karatasi: Hiyo mikono ya kushoto ndiyo habari yenyewe. Mchoro wa chaki nyekundu ukigandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu hutoa nakala iliyogeuka, na karne ya 18 Wafaransa walifanya hivyo sana. Angalia mistari ya kivuli. Anayechora kwa mkono wa kulia huilaza kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Yako ikienda kinyume, na chaki ikiwa imefifia na kulala bapa, basi ni nakala ya namna hiyo. Kisha inua karatasi kwenye mwanga. Ikiwa haina mistari ya chekeche, yaani mistari myembamba iliyoachwa na nyaya za chekeche la kutengenezea karatasi, Charles hakuigusa: karatasi laini, isiyo na mistari hiyo, ilianza Uingereza miaka ya 1750, Ufaransa ikachelewa zaidi.

Mkazi_wa_Lyon: Mistari ya chekeche ipo, na ndani ya karatasi kuna alama ya kishada cha zabibu. Vivuli vinashuka kulia, chaki imefifia.

Bi_Karatasi: Basi karatasi inaonekana ya zamani kweli, na ni nakala ya kugandamizwa. Bei yake huwa chini ya mchoro wenyewe, lakini imezaliwa moja kwa moja na mchoro huo, si kitu cha kutupa.

Tandiko: Wapelekee wapiga mnada wenye mtaalamu wa michoro ya kale, wengi hukadiria bure. Mwambie dalali asubiri. Usiufute, usiupige pasi, na usiuache juani.