Mrejesho: nyumba yetu ya Suffolk kweli ilikuwa pabu

Wakuu, niliwauliza kama hii nyumba tuliyopanga kijijini huku Uingereza, iliyogawanywa zikawa nyumba tatu, kweli ilikuwa pabu, yaani baa ya Kiingereza. Mkasema niangalie ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, nikaangalia, nikaikuta kabisa imeandikwa P.H., yaani Public House, pabu! Na kwenye sensa ya 1851 mwenye nyumba kaandikwa muuza bia, maana sheria ya 1830 iliruhusu mlipa kodi yeyote auze bia nyumbani kwake kwa leseni ya gini 2 tu (pesa ya zamani ya Uingereza). Jana tumeinua zulia la jikoni, mfuniko wa mbao wa kushukia chini kwenye mapipa ya bia bado upo, pete yake ya chuma imelika upande mmoja kwa kushikwa. Nimeigusa nikasisimka jamani. Asanteni mno, hasa uliyetaja ramani.